Umejuaje? Ushahidi wa matini katika insha za wanafunzi wetu

Ukifungua daftari la fasihi la mwanafunzi wa sekondari, aghalabu utakuta wino mwekundu pembeni ya insha: "Toa ushahidi." Mwanafunzi anashangaa, maana ametaja kitabu, ametaja mhusika na amesema mhusika huyo alifanya nini. Akihamia shule nyingine, mwalimu wa huko huenda akampa alama zote kwa jibu lilelile. Wa tatu atamtaka anukuu maneno ya mwandishi neno kwa neno. Wa nne atamwambia aeleze jinsi yeye mwenyewe anavyoona, kwa kuwa siku hizi tunajenga umahiri. Wazazi nao wanauliza: mtoto aandike anachofikiri, au aandike kilichomo kitabuni?

Swali hili limekuwa zito zaidi wakati huu. Tanzania ilianza kutekeleza mitaala mipya Januari 2024, kufuatia toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014. Kenya ilitangulia: mtaala wa umilisi uliingia madarasa ya chini nchi nzima 2019, na kundi lake la kwanza lilifika gredi ya 9 mwaka 2025. Nchi zote mbili zinasema zinataka mtoto anayefikiri, zimechoka na anayekariri. Fikra za mtoto kuhusu alichosoma tutazipima kwa kitu kimoja tu: akisema jambo, aweze kuonyesha amelitoa wapi na limesimamaje.

Sababu si ushahidi

Mkanganyiko mwingi unatokana na neno lenyewe. Tukitazama mfano mmoja kwa karibu tutaelewana. Hiki ni kifungu kifupi kilichotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu:

Mzee Salehe aliupokea mfuko wa mchele, akauweka nyuma ya mlango bila kuufungua. Alimshukuru mwanawe mara tatu. Kisha akamuuliza basi la mwisho la kurudi mjini linapita saa ngapi.

Swali: je, mzee alifurahia ujio wa mwanawe?

Mwanafunzi wa kwanza anaandika: "Alifurahi, kwa sababu kila mzazi hufurahi mtoto wake akimtembelea." Hapa kuna sababu, na kuna hata neno "kwa sababu" ambalo walimu wengi hulitafuta kwa kalamu mkononi. Lakini jibu hilo lingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajasoma kifungu. Wa pili anaandika: "Alifurahi, kwa sababu alimshukuru mara tatu." Huyu amegusa matini, ila amechukua kinachompendeza na kuruka mengine. Wa tatu anasema mzee hakufurahi, anataja mfuko na anataja basi, kisha anaweka nukta. Ana vipande viwili vya ushahidi, lakini amemwachia msomaji kazi ya kuvifasiri.

Wa nne anaandika hivi: "Mzee alishukuru kwa kutimiza adabu tu. Mgeni anayefurahiwa huulizwa atakula nini. Huyu aliulizwa ataondoka saa ngapi." Huyu amevuka. Amechukua maneno ya kifungu, akayaweka kando ya jambo linalojulikana kuhusu ukarimu wa nyumba zetu, na kati ya hayo mawili akajenga daraja. Dai lake linaweza kupingwa, na hapo ndipo utamu ulipo. Mwenzake atasema: katika nyumba nyingi si adabu kufungua zawadi mbele ya aliyeileta, kwa hiyo mfuko ule hauthibitishi lolote. Sawa, mfuko unaondoka. Mwingine atasema: labda mzee aliuliza kuhusu basi kwa kuogopa mwanawe asije akalala njiani. Sasa darasa zima linarudi kwenye sentensi tatu, linatafuta neno litakaloamua kati ya wasiwasi na kuchoshwa.

Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin, katika kitabu chake The Uses of Argument cha mwaka 1958, alitenganisha dai, taarifa zinazoliunga mkono, na kile kinachoruhusu mtu kutoka kwenye taarifa kufikia dai. Hicho cha tatu tukiite kiungo. Ukisoma insha za wanafunzi wetu utaona madai yamejaa, taarifa zimejaa, na kiungo hakipo.

Tulifikaje hapa

Sababu ya kwanza inaanzia shule ya msingi. Mtoto anasoma kifungu cha ufahamu kinachosema Juma alikwenda sokoni, kisha anaulizwa: nani alikwenda sokoni? Hahitaji kuelewa. Anahitaji kulinganisha maneno ya swali na maneno ya kifungu, ajaze. Katika mtihani wa darasa la saba Tanzania, maswali ya kuchagua herufi yametawala kwa muda mrefu, na utungaji wenyewe kwa miaka mingi umepimwa kwa kupanga sentensi zilizochanganywa. Mtoto anaweza kufaulu vizuri kabisa na kuingia kidato cha kwanza bila kuwahi kuandika aya moja yake mwenyewe inayotetea jambo.

Akifika sekondari, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Jiografia, biolojia na mengineyo: kote huko atatakiwa kutoa hoja kwa lugha ambayo bado anahangaika nayo, na anayehangaika na lugha hukimbilia kukariri notisi. Kiswahili kinabaki kuwa somo ambalo mtoto anaweza kubishana ndani yake kwa lugha anayoiota usiku. Tukilipoteza somo hilo kwa kukariri, hatuna pengine pa kumfundishia kujenga hoja. Kwa maoni yangu hili ndilo linalolifanya suala la ushahidi kuwa kubwa kuliko alama za fasihi.

Sababu ya pili haizungumzwi sana. Tunawafundisha watoto aina mbili za uthibitisho bila kuwaambia kuwa ni mbili. Katika insha, hasa Kenya, mwanafunzi huombwa aandike kisa kinachothibitisha methali. Methali tayari ni kweli. Kazi yake ni kubuni matukio yaifuate. Anaanza na "Wahenga hawakukosea waliposema," na anasifiwa kwa lugha. Kesho yake, kwenye fasihi, anaambiwa athibitishe kauli kwa matukio ambayo hana ruhusa ya kubuni, na ambayo huenda yakaipinga kauli yenyewe. Kazi zote mbili zina thamani. Insha ya methali inafunza usimulizi na inamrithisha mtoto hekima ya lugha yake. Ila mtoto asiyeelezwa tofauti atabeba mazoea ya karatasi moja hadi kwenye nyingine: ataanza na hitimisho, kisha atafute chochote kitakacholiegemeza.

Sababu ya tatu ni mtihani usioruhusu kitabu. Kidato cha nne Tanzania, mtahiniwa hupewa orodha ya vitabu teule na kauli, kisha hutakiwa kujadili kwa hoja tatu kutoka kila kitabu, kwa mfano Takadini ya Ben Hanson na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Vitabu vimebaki bwenini. Anachoweza kuleta chumbani ni kumbukumbu. Kenya karatasi ya fasihi inajaribu njia nyingine: inachapa dondoo kutoka kazi kama Bembea ya Maisha ya Timothy Arege au Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, na kuuliza muktadha wake. Nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Ni hatua, lakini swali la muktadha nalo limegeuka la kukariri, kwa sababu linauliza dondoo limekaa wapi kitabuni na si linasema nini.

Hapo miongozo inaingia. Kijitabu chenye wahusika, dhamira na "mifano" kinauzwa jirani na kitabu chenyewe, na mwanafunzi mwenye haraka hununua kijitabu. Hatumlaumu. Mtihani umemwonyesha kwamba hoja tatu zilizopangwa na mtu mwingine zina alama sawa na hoja tatu alizozitoa jasho.

Wanaodai nukuu

Kundi la kwanza linasema ushahidi ni maneno ya mwandishi, basi. Mwanafunzi afungue alama za mtajo, anukuu, afunge. Nguvu ya msimamo huu ni kubwa kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Nukuu inamlazimisha mtoto arudi kwenye ukurasa. Inamzuia kumsingizia mwandishi. Na katika ushairi haina mbadala: mwanafunzi anayejibu kuhusu diwani ya Wasakatonge ya Mohamed Seif Khatib hana kisa kirefu cha kusimulia, kwani shairi ni maneno yenyewe, mpangilio wake na mlio wake. Ukisema mshairi ana hasira na huonyeshi neno lililobeba hasira hiyo, hujasema kitu.

Wapo wanaodai kwamba tabia hii ni ya Kizungu. Hilo si kweli. Mtoto wa pwani aliyesoma madrasa anajua kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi mpaka ijulikane imepokewa kwa nani na maneno yake ni yapi. Kwenye baraza la wazee, aliyesema "nilisikia" huulizwa alisikia kwa nani.

Udhaifu unaonekana pale nukuu inapodaiwa kwa mtu asiye na kitabu mbele yake. Mwanafunzi hukariri nukuu tano, akazibandika popote. Nukuu iliyokaririwa hugeuka pambo la insha kama methali ya kufungulia, na mtahini mwenye maandiko mengi mezani hana nafasi ya kuuliza kama inahusiana na dai.

Wanaotosheka na tukio

Kundi la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi mashuleni, linasema kutaja tukio kwa maneno yako kunatosha. Huu ndio msimamo unaolingana na mtihani usio na kitabu, na ni wa haki kwa mwanafunzi wa shule ambako nakala moja ya riwaya inasomwa na benchi zima.

Tazama lakini unavyozaa majibu. Swali linahusu nafasi ya mwanamke katika jamii, na mwanafunzi anaandika: "Mwanamke amechorwa kama mtu jasiri. Mfano, katika riwaya ya Takadini, Sekai alitoroka na mwanawe ili asiuawe." Tukio ni la kweli. Mtoto alizaliwa na ualbino, mila ikamhukumu, mama akakimbia naye. Lakini kwa nini kukimbia kuitwe ujasiri? Mtu anayekimbia mara nyingi huitwa mwoga. Jibu lipo: alikwenda kinyume cha mila ya watu wake wote, peke yake, akapoteza ndoa na kwao kwa ajili ya mtoto ambaye jamii ilishamkataa. Hapo ndipo penye hoja, na hapo ndipo mwanafunzi alipoweka nukta. Tukio lilelile, bila kubadilisha hata neno, lingeweza kuwekwa chini ya "mwanamke kama mlezi" au "mwanamke kama mtu anayeonewa". Miongozo hufanya hivyohivyo. Ushahidi unaoweza kuhamishwa chini ya vichwa vitatu bila maelezo yoyote haujathibitisha hata kimoja.

Wanaotetea sauti ya mtoto

Kundi la tatu linaona haya yote yanaua hamu ya kusoma. Mtoto wa miaka kumi amesoma hadithi akalia, na sisi tunamuuliza ukurasa wa ngapi. Kuna ukweli hapa, na ni ukweli unaouma kwa sababu wengi wanaomaliza shule hawafungui tena riwaya. Wanaotetea msimamo huu humtaja Louise Rosenblatt wa Marekani, ambaye katika Literature as Exploration, mwaka 1938, aliweka uzoefu wa msomaji katikati ya somo la fasihi. Lakini Rosenblatt hakusema kila tafsiri ni sawa. Kwake, msomaji analeta maisha yake na matini inaleta mipaka yake.

Ukiondoa mipaka hiyo, darasani hakubaki usawa. Anabaki mtoto mwenye maneno mengi, anayesikika kuwa na akili, na mtoto mkimya ambaye hana njia ya kumpinga. Ushahidi unampa mkimya silaha: "Hapana, mstari wa pili unasema vingine." Marekani yenyewe ililumbana sana baada ya viwango vya Common Core vya mwaka 2010 kuweka mkazo kwenye ushahidi wa matini. Wakosoaji waliogopa mtoto atatengwa na maisha yake. Hofu hiyo ni halali pale mwalimu anapokataza maisha yasiingie. Lakini kumbuka mwanafunzi wa nne na mzee Salehe: kiungo chake kilitoka nyumbani kwao, katika namna wageni wanavyopokewa. Bila maisha yake asingeona kitu kwenye swali la basi.

Wanaoamini fomula

Kundi la nne linatoa kanuni: dai, ushahidi, maelezo, rudi kwenye dai. Ni msaada mzuri kwa anayeanza, kama magurudumu mawili ya pembeni kwenye baiskeli ya mtoto. Mwalimu anaweza kuiandika ubaoni kwa dakika moja, na kusahihisha kwake kunakuwa kwepesi. Hatari inakuja kidato cha tatu na cha nne, pale aya zote kumi zinapovaa sare, na sehemu ya "maelezo" inajazwa kwa kurudia dai kwa maneno mengine: "Hii inaonyesha kwamba Sekai ni jasiri." Fomula inaonyesha kiungo kikae wapi, lakini haimfundishi mtoto kukitengeneza.

Gharama zake

Yeyote anayeshauri kuhusu jambo hili bila kutaja muda wa mwalimu hamsaidii mtu. Chukua darasa la wanafunzi 80. Aya moja yenye hoja, isomwe kwa makini na kuandikiwa neno la msaada, inataka dakika 5. Hizo ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40, kwa darasa moja na aya moja. Mwalimu mwenye mikondo mitatu hawezi kufanya hivyo kila wiki, na hatufanyi vibaya kumwambia asijaribu. Vitabu navyo ni vichache, na muda wa kuchambua sentensi tatu kwa kipindi kizima unakatwa kutoka kwenye muhtasari wa somo unaotakiwa kumalizika kabla ya mtihani. Ukichimba hapa, pale pembeni hutafika.

Kwa hiyo mvutano wa kweli hauko kati ya nukuu na tukio. Uko kati ya kupitia vitabu teule vyote juu juu na kusoma kurasa chache kwa kina. Shule zimechagua la kwanza kwa sababu mtihani unalilipa.

Hukumu

Nikipima misimamo hii, naona wanaodai nukuu wana haki katika madarasa ya chini na katika ushairi, mradi matini iwe mbele ya macho ya mtoto. Wanaotosheka na tukio wana haki ndani ya chumba cha mtihani peke yake, tena tukio likifuatwa na maelezo. Sauti ya mtoto inahitajika, na mahali pake ni kwenye kiungo. Fomula itumike kidato cha kwanza na cha pili, kisha iondolewe makusudi kabla haijawa sare. Kosa kubwa tulilonalo ni la mpangilio: tunasubiri mpaka kidato cha tatu, kitabu kimefungwa na mtihani uko mlangoni, ndipo tuanze kudai ushahidi kwa mtu ambaye hajawahi kuulizwa ameutoa wapi.

Kazi ingeanza darasa la tatu, kwa mdomo. Mtoto anasema sungura ni mjanja; mwalimu anauliza, "Umejuaje?" Mtoto anaweka kidole kwenye mstari. Hakuna daftari la kusahihisha hapo. Darasa la tano aandike sentensi mbili, moja ya dai na moja ya alichokiona. Darasa la saba aongeze ya tatu, inayounganisha. Kidato cha pili apewe sentensi inayompinga, aiingize ndani ya aya yake bila kuificha. Aliyepita njia hiyo akifika kwenye riwaya nzima atajua la kufanya hata kama nukuu zimemtoka, kwa sababu alichojifunza ni namna ya kutoka kwenye neno hadi kwenye dai.

Mwalimu asiye na vitabu vya kutosha anaweza kuanza kesho kwa sentensi tatu ubaoni na swali moja. Wanafunzi wabishane wawili wawili; asahihishe aya 10 tu, zilizobaki zisomwe na wenzao kwa kalamu ya risasi, kila mmoja akiandika pembeni neno hilohilo: umejuaje?

Lakini mwalimu peke yake hataushinda mtihani. Ombi la mwisho liende kwa watunga mitihani wa Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya. Chapeni ndani ya karatasi ya mtihani ukurasa mmoja wa hadithi ambayo hakuna mtahiniwa aliyewahi kuisoma. Ulizeni swali moja lenye majibu zaidi ya mawili. Gaweni alama nusu kwa dai na ushahidi, na nusu nyingine yote kwa maelezo yanayoviunganisha. Mwaka wa kwanza matokeo yatashuka, na lawama zitakuwa nyingi. Mwaka wa pili, kijitabu cha mwongozo kitakuwa hakina cha kuuza katika swali hilo, na mwanafunzi atakayetaka alama zake atalazimika kusoma.